Injini ya Gari Huchaguliwa Mezani, Si Gereji

Wahenga walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo ni ya kweli shambani, lakini haifai kupelekwa gereji. Mwenye gari ambaye injini yake imekufa, naye akakubali kufungiwa injini yoyote iliyo karibu, mradi gari litembee, aghalabu hurudi gereji ile ile kabla ya mwaka kwisha, akiwa hana injini wala akiba.

Jambo hili si dogo kwetu Shinyanga na kwa majirani zetu wa Geita. Gari katika nyumba nyingi za huku si pambo la kuendea arusini. Ni Noah iliyonunuliwa kwa kiinua mgongo cha mtumishi aliyestaafu, ni Hiace iliyonunuliwa kwa mkopo wa chama cha akiba, ni pikapu inayobeba mpunga wa Kahama, vipuri vya wachimbaji wadogo na mifuko ya mawe ya kupeleka kwenye makarasha. Gari la namna hiyo ndilo linalolipa ada, ndilo linalolipa kodi ya nyumba. Injini yake ikifa, nyumba nzima hupata homa.

Basi Jumapili hii tuzungumze juu ya kuchagua injini ya pili. Shabaha yetu si kumfundisha fundi kazi yake. Shabaha yetu ni kumsaidia baba na mama mwenye gari ajue la kuuliza kabla hajatoa fedha mfukoni.

JE, IMEKUFA KWELI?

Swali la kwanza ni kama injini yapaswa kubadilishwa. Injini inayotoa moshi haijafa kwa sababu hiyo tu. Moshi wa buluu maana yake oili inaungua pamoja na mafuta. Moshi mweupe usiokwisha hata injini ikiwa imepata moto maana yake maji yanaingia ndani ya silinda, na huenda ni gasketi ya hedi tu iliyoungua. Moshi mweusi maana yake mafuta yanayoingia ni mengi kuliko hewa, na hapo mara nyingi kosa ni la nozeli, pampu au chujio la hewa lililojaa vumbi.

Mwombe fundi apime kompresheni ya kila silinda, akuandikie namba kwenye karatasi. Ikiwa silinda zote zinalingana na kipimo ni kizuri, ugonjwa uko mahali pengine. Ikiwa silinda moja iko chini sana na nyingine ni nzima, bado pana matumaini. Ikiwa bloki haikupasuka na krenkishafti haikuumia, kufanya ovahoo, yaani kuboa silinda na kuweka pistoni na ringi mpya, kwaweza kuwa na manufaa kuliko kununua injini usiyoijua historia yake. Lakini bloki iliyopasuka, au iliyotobolewa na mkono wa pistoni uliokatika, hiyo imekwisha. Hapo ndipo suala la kubadilisha linapoanza.

NI NINI KILICHOIUA?

Watu wengi huruka swali hili kwa sababu ya haraka. Wanazika maiti bila kuuliza ugonjwa, kisha wanamlaza mgonjwa mwingine kwenye kitanda kile kile.

Injini nyingi hufa kwa joto. Rejeta ikiziba kwa kutu na chumvi ya maji ya kisima, maji hayazunguki vya kutosha, hedi hupinda, gasketi huungua. Wapo mafundi ambao wakiona gari linachemka huiondoa themostati na kuitupa. Kufanya hivyo hakutibu rejeta iliyoziba. Tena injini isiyo na themostati huchelewa kupata moto wake wa kawaida, hula mafuta zaidi na huchakaa upesi. Ukiweka injini njema mbele ya rejeta mbovu, umeitia moto kwa mkono wako.

Adui wa pili ni vumbi. Wanaopita barabara za udongo za kuelekea machimboni wanajua jinsi vumbi linavyoingia hata ndani ya saa ya mkononi. Chujio la hewa lililotoboka, au mpira wa hewa uliopasuka, huingiza mchanga mwembamba unaokula ringi na kuta za silinda. Gari laweza kuwa halikuchemka hata siku moja, na bado injini ikafa kwa vumbi.

Adui wa tatu ni mkanda wa taiming usiobadilishwa kwa wakati wake. Katika Hiace nyingi za dizeli ipo taa ndogo iliyoandikwa T-BELT, inayowaka kila zinapotimia kilomita 100,000 kumkumbusha mwenye gari. Wengine huizima taa hiyo, mkanda wakauacha. Ukikatika, valvu hugongana na pistoni, na kazi imekwisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

INJINI ILE ILE AU NYINGINE?

Sasa tufike penye kiini cha mazungumzo yetu. Kanuni iliyo salama kupita zote ni hii: weka injini ile ile uliyoikuta kwenye gari. Mipira inayobeba injini italingana, giaboksi italingana, waya za umeme na kompyuta ya gari zitalingana, na fundi hatakata chuma wala kuchomelea. Ukitaka kuacha kanuni hiyo, uwe na sababu inayosemeka mbele ya watu.

Sababu ya kweli yaweza kuwapo. Toyota ilianza kuuza Japani mwaka 1996 injini za petroli ziitwazo D-4, ambazo petroli haipulizwi kwenye njia ya hewa bali hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya nguvu nyingi. Kwa kuwa petroli haipiti kwenye valvu za kuingizia hewa na kuziosha, masizi hujijenga hapo. Pampu na nozeli zake nazo hazipendi mafuta machafu, na fundi asiyekuwa na vipimo vyake hubahatisha. Injini hizi ni nzuri zikipata matunzo yake. Lakini mwenye gari anayeishi mbali na fundi wa kuzijua ana haki ya kutafuta injini nyepesi kutunza.

Lipo jambo la manufaa kujua juu ya majina ya injini za Toyota, kwa kuwa ndizo zilizojaa huku. Tuchukue 1NZ-FE. Herufi NZ ni jina la ukoo, namba 1 ni mtoto wa ukoo huo. Herufi F yahusu aina ya hedi, na E maana yake mafuta hupulizwa kwa umeme. Ukiona S imeingia katikati, kama katika 1AZ-FSE, hiyo ndiyo D-4. Herufi T maana yake ina tabo. V, kama katika 2KD-FTV, maana yake ni dizeli ya kisasa inayotumia kompyuta na presha kubwa ya mafuta. Injini kama 3L na 5L, ambazo hazina mkia wa herufi hizo, ni dizeli za kale zisizo na tabo. Hivyo muuzaji akikuambia kwamba injini zote ni mamoja, wewe soma jina lililogongwa kwenye bloki.

Kanuni ya pili: ikiwa ni lazima kubadili aina, chagua ile ambayo kiwanda chenyewe kiliwahi kuifunga katika bodi kama ya gari lako. Toyota Spacio ya kuanzia mwaka 2001 ilitoka kiwandani ikiwa na injini ya 1NZ-FE yenye ujazo wa sentimita 1,497, au 1ZZ-FE ya 1,794. Kwa hiyo zote mbili zina mahali pake katika bodi ile. Injini za 1ZZ-FE za miaka ya mwanzo zilipata sifa mbaya ya kunywa oili kwa sababu ya pistoni na ringi zake. Mwenye Spacio ambaye 1ZZ yake imekufa ana sababu ya kufikiria 1NZ, mradi anunue pamoja na giaboksi yake, kompyuta yake na waya zake. Hiace za bodi ya zamani nazo zilitoka kiwandani nyingine zikiwa na petroli ya 1RZ, nyingine na dizeli za 2L na 3L. Nazo zinajulikana njia ya kubadilishana.

Lakini jina la gari lisikudanganye. Noah ya kwanza, iliyotengenezwa kati ya mwaka 1996 na 2001, injini yake imekaa kwa urefu chini ya viti vya mbele, nayo huzungusha magurudumu ya nyuma. Noah iliyofuata, ya mwaka 2001, injini yake iko mbele kabisa, imekaa kwa upana, na katika gari lisilo la magurudumu manne huzungusha magurudumu ya mbele. Zote ni Noah, zote ni Toyota. Hata hivyo, mtu akikuuzia injini ya 3S kutoka ile ya kwanza ili uiweke katika ile ya pili, anakuuzia safari ndefu ya kukata na kuunga.

PETROLI AU DIZELI?

Wengi hupenda kuhama kutoka petroli kwenda dizeli, na si huku tu. Land Rover nyingi za zamani Afrika Mashariki ziliondolewa injini zake za petroli zikawekwa dizeli za Kijapani, zikaendelea kubeba watu na mizigo miaka mingi. Wenye Land Cruiser huililia 1HZ, dizeli ya silinda 6 na ujazo wa 4,164 iliyotoka mwaka 1990, ambayo haina tabo na pampu yake ya dizeli haitegemei kompyuta. Fundi wa Bukombe au Nyang'hwale aweza kuitengeneza kwa spana na akili yake. Hilo ni jambo kubwa.

Lakini dizeli si dawa ya kila ugonjwa. Kwanza, ni nzito kuliko petroli ya ujazo kama huo, kwa hiyo springi za mbele na breki hubeba mzigo zaidi. Pili, tangi na mabomba ya mafuta hapana budi yasafishwe kabisa, maana petroli iliyobaki huharibu pampu ya dizeli. Tatu, na hili lisikilizwe vizuri, breki. Breki za magari mengi husaidiwa na mvuto wa hewa unaotoka kwenye injini ya petroli. Injini ya dizeli haitoi mvuto huo, kwa hiyo huwekewa pampu yake maalumu, ambayo katika dizeli nyingi za Toyota iko nyuma ya alteneta. Fundi akifunga dizeli akatumia alteneta ya petroli isiyo na pampu hiyo, kanyagio la breki huwa gumu kama jiwe. Gari lenye abiria kumi likiteremka mlima kwa breki za namna hiyo, hatuzungumzi tena habari ya fedha.

Kumbukeni pia kwamba Shinyanga na Geita ziko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, na injini isiyo na tabo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake katika mwinuko huo. Aliyeridhika na injini ndogo katika gari lililopakiwa sana huko pwani, huku ataiona ikilemewa.

HESABU YA MWAKA MZIMA

Watu hulinganisha bei ya injini mbili dukani, wakachagua iliyo rahisi. Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme gari latembea kilomita 200 kwa siku, yaani karibu safari moja ya Shinyanga na Kahama, kwenda na kurudi. Injini ya kwanza yala lita 9 kwa kila kilomita 100, ya pili yala lita 13. Ya kwanza itakunywa lita 18 kwa siku, ya pili lita 26. Tofauti ni lita 8 kwa siku. Kwa siku 24 za kazi ni lita 192 kwa mwezi. Kwa mwaka ni lita 2,304.

Sasa chukua bei kikomo ya mafuta inayotangazwa na EWURA kila mwezi, zidisha kwa lita hizo, kisha ulinganishe na tofauti ya bei za injini zile mbili. Mara nyingi utakuta kwamba ile iliyoitwa rahisi ndiyo ghali. Lakini hesabu yaweza pia kukugeukia. Ikiwa gari lako ni la kwenda kazini na kanisani au msikitini tu, kilomita 10 kwa siku, basi tofauti hiyo ni ndogo, na kuhama kutoka petroli kwenda dizeli kwa gharama kubwa hakutarudisha fedha zako. Injini huchaguliwa kwa kazi yake.

UKIFIKA SOKONI

Injini nyingi za mtumba zinazouzwa nchini hutoka Japani, ambako magari hupita upande wa kushoto wa barabara kama kwetu. Biashara ya vitu kutoka nje ilifunguka baada ya mwaka 1984, Serikali iliporuhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa. Kabla ya hapo wazee wetu waliikarabati injini moja hata mara nne kwa kukosa spea. Siku hizi tatizo si uhaba, ila ni wingi unaochanganya macho.

Usinunue injini kwa picha ya simu. Nenda mwenyewe, au mtume fundi unayemwamini. Fungua kifuniko cha oili: ukikuta utando mweupe kama maziwa, maji yalichanganyika na oili. Zungusha krenkishafti kwa spana. Izunguke bila kukwama. Fungua plagi uzitazame. Iliyolowa oili inasema ukweli kuliko muuzaji. Omba iwashwe pale pale kwa betri, isikilizwe, ipimwe kompresheni. Muuzaji atakayesema, "Mzee, hii ni mpya kabisa, chukua tu," mwambie kwamba kitu kipya hakiogopi kupimwa.

Nunua ikiwa kamili: stata, alteneta, kompyuta, waya, na giaboksi yake ikiwezekana. Kipande kilichokosekana Gerezani au Ilala kitakusumbua ukiwa umekwisha kufika Shinyanga, karibu kilomita 1,000 kutoka hapo. Kwa ajili hiyo hiyo andikianeni muda wa dhamana unaotosha kusafirisha na kufunga. Dhamana ya siku tatu ni utani kwa mtu wa Kahama. Anayepata injini ya namna hiyo hiyo Mwanza, hata kwa bei iliyozidi kidogo, afikirie gharama ya kuirudisha ikikataa.

Kisha karatasi. Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari. Ukibadilisha injini, kadi na gari havisemi tena neno moja. Dai risiti halali yenye namba ya injini, gari likaguliwe na Polisi wa Usalama Barabarani, halafu upeleke taarifa ya mabadiliko TRA, na mwenye bima naye ajulishwe. Asiyefanya hivyo atajua uzito wake siku ya kuuza gari, au siku itakapogundulika kwamba injini aliyouziwa uchochoroni ilikuwa mali ya wizi.

NYUMBA NZIMA IKAE

Limebaki neno moja, nalo ndilo lililofanya mazungumzo haya yaingie katika kurasa za familia. Katika nyumba nyingi, uamuzi wa injini hufanywa na baba na fundi, wamesimama gereji, mikono ikiwa na oili. Mama huambiwa jioni kwamba fedha za kikundi chake zimekwenda. Hilo si haki, na tena si busara. Mara nyingi mama ndiye ajuaye ada italipwa lini, mpunga utauzwa lini, na mkopo unakatwa kiasi gani. Yeye ndiye atakayeuliza swali ambalo fundi hakuliuliza: je, baada ya kununua injini, rejeta, oili, vichujio na kulipa ufundi, tutabaki na nini cha kula mwezi ujao?

Kaeni mezani, baba, mama na watoto wakubwa. Andikeni kwenye karatasi kazi ya gari, kilomita za siku, fundi aliye karibu na injini anazozijua, duka la spea lililo karibu, na fedha iliyopo. Injini itakayolingana na mistari hiyo mitano ndiyo yenu, hata kama jirani amefunga kubwa zaidi. Na ikiwa hesabu itaonyesha kwamba gari limezeeka mno kuliko thamani ya injini, pigeni moyo konde mliuze likiwa limesimama. Afadhali kupoteza gari kuliko kupoteza gari na nyumba.

Jumapili ijayo, tukijaliwa, tutazungumza juu ya namna ya kuilea injini mpya katika kilomita zake 1,000 za kwanza, na kwa nini oili ya bei ya chini humgharimu mwenye gari mara mbili.